UZI: Sudhir Ruparelia alijengwa na nini hasa: biashara ya fedha za kigeni, wakati aliorudi, au ardhi yenyewe?

#1 Mkazi_wa_Ntinda
Wanajukwaa, salamu. Kila ninaposoma habari za maisha ya Sudhir Ruparelia, tajiri wa majengo wa Uganda, naona wasimulizi wanaruka kutoka "alirudi Uganda mwaka 1985 akiwa na dola 25,000" hadi "anamiliki majengo kila kona ya Kampala", na yaliyotokea katikati wanayapitia kwa sentensi mbili. Dai langu ni kwamba huyu hakuanza kama mjenzi. Alikuwa mfanyabiashara wa fedha ambaye, baada ya kuona shilingi inavyoyeyuka, aliamua kuhifadhi faida yake katika viwanja na kuta. Majengo yalikuja nyuma ya fedha, na ndiyo maana vijana wanaotaka kumwiga kwa kuanza na ujenzi wanakwama wakiwa bado kwenye msingi. Wenye kuona vinginevyo wanisahihishe, hasa wale waliokuwa Kampala kati ya mwaka 1985 na 1995.

#2 Mtoto_wa_Kasese
Ndugu Mkazi, umeanzia mwaka 1985, lakini mtu huyu ana historia ya kabla ya hapo, na historia hiyo iko kwetu. Alizaliwa mwaka 1956 Kabatoro, mji mdogo ulio jirani na Ziwa Katwe ndani ya eneo la hifadhi ya Queen Elizabeth, mahali ambapo watu wameishi kwa kuchimba na kuuza chumvi kwa vizazi vingi. Baba wa babu yake alifungua duka Mombasa mwaka 1897, kisha akaingia Uganda mwaka 1903. Kwa hiyo tunazungumza juu ya familia ya maduka iliyokaa Afrika Mashariki kwa karibu miaka 70 kabla ya Idi Amin kutangaza kuwafukuza Waasia. Mtoto anayekulia nyuma ya kaunta ya duka katika mji wa chumvi anajifunza mapema kwamba bidhaa ile ile ina bei tofauti kwa anayeihitaji leo na kwa anayeweza kusubiri hadi kesho. Maelezo yoyote yanayoanza na dola 25,000 yanaacha nje mtaji huo wa kwanza.

#3 Binti_Jinja
Asante, Mtoto wa Kasese. Niongeze kwamba sehemu ya masomo yake aliipata Jinja, na anayeufahamu Mtaa wa Main wa mji wetu ameyaona majengo ya Waasia yenye jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi juu ya kibaraza. Mimi naamini jibu ni jepesi zaidi kuliko mnavyolifanya. Serikali ya sasa ilipoingia, familia za Waasia zilirudishiwa nyumba zao, na aliyekuwa na nyumba kumi alizipata kumi. Ukianza na majengo ya urithi katikati ya mji, hata usipokuwa na akili ya pekee utapanda.

#4 Wakili_Kijana
Binti Jinja, kuna mambo mawili ya kurekebishwa, kwa heshima.

La kwanza ni sheria. Mali zilizoachwa mwaka 1972 ziliwekwa chini ya bodi maalumu ya kutunza mali za Waasia walioondoka, na sheria ya kuzirudisha ilipitishwa mwaka 1982, wakati wa serikali ya Obote. Serikali ya Museveni iliikuta sheria hiyo vitabuni. Kilichobadilika ni utekelezaji, ambao ulishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, huku wafadhili wakiusukuma na rais mwenyewe akiwaalika wenye mali warejee.

La pili ni maisha ya mhusika. Mwenye duka Kabatoro hakuwa katika kundi la wale waliokuwa na mitaa mizima ya Kampala au mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Kijana huyu aliondoka akiwa na miaka 16, akafanya vibarua vya viwandani, vya maduka makubwa na vya bucha huko Uingereza, na alirudi mwaka 1985, miaka kadhaa kabla ya urejeshaji wa mali kupamba moto. Ukisema alipanda kwa urithi, utapata shida kueleza kwa nini wengi waliorudishiwa mali kubwa kuliko ya familia yake hawako alipo yeye.

#5 Hajji_wa_Bombo
Wajukuu zangu, mimi nilikuwa mtu mzima mwaka 1972, kwa hiyo nitawaeleza hali ya mji, kwa sababu naona mnaijadili Kampala ya mwaka 1985 kana kwamba ilikuwa hii ya leo.

Amin alitoa siku 90. Walipoondoka, maduka yaligawiwa askari, watumishi wa serikali na marafiki wa wakubwa, wale tuliowaita mafutamingi. Wengi wao hawakujua bidhaa zinaagizwa wapi wala kwa barua gani. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu zilipobaki tupu wakapangisha chumba au wakakigeuza kuwa cha kulala. Kodi waliyopaswa kuilipa bodi ilikuwa ndogo na wengi hawakuilipa kabisa, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kupaka rangi au kurekebisha bomba. Vita vya mwaka 1979 vikaja na uporaji, watu wakang'oa hata madirisha. Ukifika mwaka 1985 unakuta majengo ya ghorofa nne yasiyo na maji, lifti iliyosimama muda mrefu, na takataka zilizojaa kwenye ngazi. Uchumi wote ulikuwa wa magendo. Sukari, sabuni, chumvi, bia na sigara vilipita njia za panya, na dola ilinunuliwa kibanda, yaani soko haramu, kwa bei iliyoizidi mara kadhaa ile ya serikali.

Mwenye kurudi Uganda mwaka huo, kabla Museveni hajaingia Kampala Januari 1986, alirudi kwenye nchi ambayo wengine walikuwa wanaikimbia. Kwa hiyo mimi natoa jibu la tatu, ambalo si fedha wala urithi. Alikuwa na moyo wa kukaa mahali pa hatari wakati bei ya hofu imeshusha thamani ya kila kitu. Wenzake wengi walikuwa London na Leicester wakisubiri kuona kwanza kama amani ni ya kweli, na walipoamini, bei ilikuwa imeshapanda.

#6 Dalali_Mstaafu
Hajji amesema kweli tupu. Niwape upande wa soko, maana nilianza udalali wa nyumba Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1990 na niliona jinsi mali zilivyobadilisha mikono.

Mwenye mali aliyeishi ng'ambo alikuwa anapata barua ya kurudishiwa jengo lake, halafu anafika na kulikuta limejaa wapangaji ambao hawamtambui, wengine wakiwa na bunduki kabatini, wengine wakidai fidia ya matengenezo ambayo hayaonekani. Umeme ulikuwa umeunganishwa kiholela, hati ya awali ilikuwa imepotea, na kwenye rejista kulikuwa na madai mawili au matatu. Mtu huyu ana miaka 60, watoto wake wamekuwa madaktari Toronto na hawana nia ya kurudi. Anataka nini? Anataka mnunuzi mmoja atakayelichukua jengo pamoja na matatizo yake yote, alipe kwa dola, alipe kwa mkupuo, na mambo yaishe kabla ya ndege yake ya kurudi. Hakuna benki ya Uganda wakati ule iliyokuwa ikikopesha kwa haraka hiyo. Hakuna mfanyakazi wa mshahara aliyeweza. Waliokuwa na dola mkononi wiki ile walikuwa wachache mno, na bei waliyopata ilikuwa ya mtu anayenunua peke yake mnadani.

Sisemi jengo fulani la Ruparelia lilipatikana hivyo. Biashara za watu zina faili zake. Nasema soko lilikuwa hivyo kwa kila aliyekuwamo, na katika soko la namna hiyo mwenye fedha taslimu za kigeni ndiye mfalme. Hapo Mkazi wa Ntinda yuko sahihi kuliko wote waliofuata.

#7 Mhasibu_wa_Nakawa
Nimefurahi kwamba Mzee Dalali amelifikisha hapo, kwa sababu swali linalofuata ni hili: dola hizo zilitoka wapi? Kwa kumbukumbu za wazi, alianza kwa kuuza bia iliyoagizwa kutoka nje. Mwaka 1989 serikali ilipiga marufuku bia za nje ili kulinda viwanda vya ndani, na hapo ndipo alipohamia kwenye kubadilisha fedha, akaanzisha Crane Forex Bureau. Watu husimulia hatua hii kama bahati, lakini tazameni tarehe.

Mwaka 1987 serikali ilibadilisha noti, ikaondoa sifuri mbili, na ikakata asilimia 30 ya fedha za wananchi katika ubadilishaji huo. Mfumuko wa bei mwaka ule ulipita asilimia 200. Baada ya hapo hakuna mtu mwenye akili aliyetaka kulala na shilingi nyumbani. Mwaka 1990 serikali ikaamua kwamba, badala ya kupigana na soko la kibanda, iliruhusu tu lifanye kazi mchana kweupe kwa leseni. Biashara iliyokuwa ya kichochoroni ikawa ya dirisha lenye kioo, na waliotangulia kupata leseni walikutana na taifa zima lenye kiu ya dola. Miaka michache baadaye bei ya kahawa ikapanda duniani, fedha zikazidi kuingia. Mwaka 1995 ikazaliwa Crane Bank.

Kwa hiyo mpangilio ni bia, fedha, benki, majengo. Kila hatua iliilisha inayofuata, na mchuuzi wa fedha hupata kila siku faida ndogo isiyosubiri mavuno. Anayepata fedha kila siku anaweza kununua jengo la tatizo na kulisubiri miaka mitano. Anayepata mara moja kwa mwaka hawezi.

#8 Mama_Kikuubo
Baba zangu mnaongea vizuri sana juu ya wanunuzi na wauzaji, lakini hakuna hata mmoja aliyemtaja mpangaji, ambaye ndiye anayelipa gharama ya yote mliyoyasema. Mimi ni mfanyabiashara katikati ya mji kwa muda mrefu. Jengo nililokuwamo zamani, ambalo mwenyewe simtaji, lilikuwa linadai kodi kwa dola ilhali mimi nauza vitenge kwa shilingi. Dola ikipanda, kodi yangu inapanda bila mtu yeyote kuniandikia barua. Ukilalamika unaambiwa kuna wengine watano wanaoutaka mlango huo. Mzee Dalali, wewe ndiye uliyekuwa unawaleta hao watano, na ninakusalimu.

Nasema hivi kwa sababu maelezo ya kweli ya utajiri wa majengo Kampala, si wa Ruparelia peke yake bali wa wote, ni kwamba mji una kitovu kidogo na wafanyabiashara wote tumejibana humo. Mteja kutoka Sudan Kusini au Kongo akishuka kwenye basi anataka kupata kila kitu ndani ya mitaa mitano. Mwenye kuta ndani ya mitaa hiyo hahitaji ujanja.

#9 Dalali_Mstaafu
Mama, salamu nimezipokea, na wapangaji niliokuletea walilipa kwa wakati. Hata hivyo hoja yako ina tundu. Mitaa ya Kikuubo na William Street imejengwa kwa wingi na wafanyabiashara Waganda wa kizazi cha karibuni, waliovunja majengo ya zamani na kusimamisha maduka ya ghorofa. Nguvu ya Ruparelia haiko hasa kwenye vyumba vya vitenge. Iko kwenye ofisi, hoteli, shule na nyumba za kupangisha za Kololo, Bukoto na kwingineko. Ni soko lingine na mpangaji mwingine.

#10 Wakili_Kijana
Kwa faida ya Mama Kikuubo: sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka kodi idaiwe kwa shilingi isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine, na nyongeza ya mwaka isizidi asilimia 10. Maneno hayo "isipokuwa zimekubaliana" ndiyo yanayobeba mzigo wote, kwa sababu mpangaji mwenye haraka atasaini chochote. Soma mkataba wako kabla ya kuuhuisha.

#11 Fundi_wa_Mbarara
Mimi ni mtu wa ujenzi na nimesikitika kuona kwamba hadi bandiko la 10 hakuna aliyezungumzia ujenzi. Mkazi wa Ntinda amesema mtu huyu "hakuanza kama mjenzi". Basi mwende Munyonyo.

Speke Resort, hoteli yake ya Munyonyo, haikununuliwa kwa mzee aliyekuwa na haraka ya ndege. Ilijengwa ufukweni mwa Ziwa Victoria, nje kabisa ya kitovu ambacho Mama Kikuubo anasema ndicho siri ya yote, wakati ambapo barabara ya kwenda huko haikumvutia mtu. Mwekezaji wa hoteli wa kawaida angejenga Nakasero karibu na ofisi za serikali. Yeye alijenga mahali penye nafasi ya kupanuka: kumbi, nyumba za wageni, gati ya boti, uwanja wa farasi. Uganda ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola Novemba 2007, pale palikuwa miongoni mwa mahali palipotumika, pa kulala na pa kukutana pakiwa ndani ya uzio mmoja. Januari 2024 hali ikawa hiyo hiyo: mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, ukifuatwa na ule wa Kundi la 77 na China, ulifanyika Munyonyo katika ukumbi mpya wenye kupokea watu zaidi ya 4,000.

Anayejua gharama za kujenga kwenye ardhi tepetepe ya ufuko, kuvuta maji, kuchakata majitaka ili yasiingie ziwani na kuweka majenereta ya kutosha hoteli nzima, hawezi kusema huku ni kuhifadhi fedha kwenye kuta. Anayehifadhi fedha tu hununua kiwanja, akaweka ukuta na mlinzi, akasubiri. Huyu alibeba hatari ya ujenzi na ya soko kwa pamoja.

#12 Mkazi_wa_Ntinda
Fundi, hoja yako ina uzito na nimeirudia mara mbili. Hata hivyo Munyonyo inaweza kusomwa kwa upande mwingine. Mkutano wa mwaka 2007 ulikuwa mradi wa serikali, na hoteli nyingi Kampala zilijengwa au kupanuliwa kwa sababu yake kwa vivutio vya kodi na ardhi. Mwekezaji aliyejua kwamba dola itakuja na wageni 2007 alikuwa anacheza na serikali upande mmoja. Swali ni kama angejenga kiasi kile bila mkutano ule.

#13 Mwanafunzi_wa_Shimoni
Mkazi ametaja ardhi na mkutano wa 2007, nami siwezi kunyamaza, kwa sababu nilisoma Shimoni. Shule yetu ya msingi na chuo cha ualimu vilikuwa juu ya kilima cha Nakasero, katikati kabisa ya mji. Vilibomolewa ili mwekezaji kutoka Saudi Arabia ajenge hoteli kwa ajili ya mkutano huo, na tukatawanywa. Mkutano ulikuja na ukapita, hoteli haikujengwa, na kwa miaka kadhaa tulipita pale tukiona mabati yamezunguka majani. Baadaye ndipo kundi la Ruparelia lilipokipata kiwanja na kujenga Kingdom Kampala, lile jengo la maduka na ofisi mnaloliona leo.

Nataka niseme kwa haki. Aliyebomoa shule si yeye, na yeye ndiye aliyeweka kitu pale ambapo mwingine aliacha pori. Lakini mnapopima mafanikio ya mwenye majengo, pimeni pia kilichokuwa chini ya jengo. Walimu walifundishwa pale kwa miongo mingi. Mimi ni mmoja wa waliojifunza kusoma pale, na hakuna kodi ya ofisi inayoweza kuingia kwenye hesabu hiyo.

#14 Fundi_wa_Mbarara
Pole, ndugu. Umesema jambo ambalo sisi wa saruji hatulisemi vya kutosha. Nitabaki kwenye hoja moja tu: mwekezaji wa kwanza alikuwa na jina kubwa na fedha nyingi kuliko Ruparelia, alipewa kiwanja kile kile, na hakujenga. Kwa hiyo ardhi nzuri peke yake haitoshi, na kupendelewa na serikali peke yake hakutoshi.

#15 Mtoto_wa_Kasese
Tusisahau benki. Wengi tuliamini kwamba Crane Bank ilipofungwa mwaka 2017, majengo nayo yangeuzwa mnadani, lakini bado yamesimama. Hilo linahitaji maelezo kutoka kwa wanaosema kila kitu kilitoka kwenye fedha.

#16 Mhasibu_wa_Nakawa
Tuweke tarehe sawa. Benki Kuu ilichukua usimamizi wa Crane Bank tarehe 20 Oktoba 2016, ikisema mtaji wake umeshuka chini ya kiwango cha sheria. Januari 2017 ndipo mali na amana zilipohamishiwa benki ya DFCU kwa makubaliano ya shilingi bilioni 200. Juni mwaka huo Benki Kuu ikamshtaki Ruparelia pamoja na kampuni yake ya majengo, Meera Investments, ikidai shilingi bilioni 397 na hati za viwanja vilivyokuwa na matawi ya benki. Agosti 2019 Mahakama ya Biashara ililitupilia mbali shauri hilo, Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo, na mwaka 2022 safari ikaishia Mahakama ya Juu baada ya Benki Kuu kuiondoa rufaa yake. Katikati ya hayo kamati ya Bunge iliichunguza Benki Kuu yenyewe juu ya namna ilivyozifunga benki saba tangu mwaka 1993, zikiwemo Greenland na Co-operative, na maswali iliyoyauliza yalikuwa magumu.

Sasa jibu kwa swali lako. Majengo yalikuwa ya kampuni nyingine, na benki ilikuwa mpangaji katika kuta hizo. Ndiyo sababu benki ilipoondoka, kuta zilibaki. Kutenganisha kampuni inayomiliki ardhi na kampuni inayofanya biashara ndani yake ni desturi ya wenye majengo duniani kote, na hapa tuliona kwa macho inavyofanya kazi. Kwa hiyo hata mimi niliyesimama upande wa fedha nakubali kwamba kuanzia mwaka 2016 maelezo ya fedha hayatoshi tena. Kilichomshikilia ni ardhi.

#17 Hajji_wa_Bombo
Mhasibu amefafanua kama mwalimu. Mimi nakumbuka Greenland na Co-operative zilipofungwa mwaka 1999. Wazee wa huku walilala nje ya milango. Waliokuwa na ng'ombe na mashamba walisimama tena. Waliokuwa na kitabu cha benki tu walichelewa.

#18 Binti_Jinja
Nimesoma yote na nimemwelewa Wakili kuhusu urithi. Lakini swali langu sasa ni la mtu wa kawaida. Mimi ni mwalimu. Nina kiwanja cha futi 50 kwa 100 nje ya mji wa Jinja, na kila mtu ananiambia nijenge mizigo, vyumba vya kupangisha vya safu moja. Marehemu Bulaimu Muwanga Kibirige, tuliyemwita BMK, alianza kama mchuuzi na akafikia Hotel Africana. Hamis Kiggundu ameujenga upya uwanja wa Nakivubo. Kwa hiyo njia haiko kwa aliyekuwa na duka la fedha za kigeni peke yake. Je, katika maisha ya Ruparelia kuna lolote ambalo mwalimu anaweza kulichukua, au tunasoma tu habari za watu wa dunia nyingine?

#19 Dalali_Mstaafu
Mwalimu, lipo. Kwa kawaida amekuwa mtu wa kushika na kupangisha kuliko kuuza. Wajenzi wengi niliowajua walijenga, wakauza, wakala faida, wakaanza upya kwa bei mpya ya ardhi iliyowashinda. Jenga mizigo minne uimalize kabisa, yenye choo safi na maji yasiyokatika, kabla ya kuanza ya tano. Nimewaona wenye vyumba kumi visivyo na milango wakipita kuniomba mpangaji.

#20 Mhasibu_wa_Nakawa
Na usikope kwa shilingi ili ujenge vyumba vya kupangisha. Riba za benki zetu hukaa karibu na asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka, na hakuna safu ya mizigo Jinja itakayokurudishia kiasi hicho. Mwenye ofisi Kampala anayelipwa kodi kwa dola anaweza kukopa kwa dola kwa riba ambayo ni karibu nusu ya hiyo, kwa sababu mapato yake na deni lake vinaongea lugha moja. Hapo ndipo dunia mbili zinapotengana, Mwalimu, na si kwa sababu ya akili yako.

#21 Mama_Kikuubo
Yaani dola ninayotozwa mimi ndiyo inayompa mwenye nyumba mkopo nafuu wa kujenga jengo la pili. Mhasibu, umenieleza kwa mistari mitatu jambo lililonisumbua kwa muda mrefu. Basi mimi naongeza jibu langu kwenye yale ya wenzangu: wapangaji ndio mtaji.

#22 Wakili_Kijana
Mama, hoja hiyo ningeipeleka mahakamani.

Nirudi kwenye ardhi, maana Mhasibu ameiacha mahali pazuri. Katiba ya mwaka 1995 inatambua umiliki wa namna nne: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi kwa muda. Katika Buganda, mailo iliyotokana na mkataba wa mwaka 1900 ina mwenye hati juu na wenye vibanja, yaani wakaaji wa ardhi hiyo, chini, na mjenzi anayenunua hati bila kumalizana na wenye vibanja ananunua kesi. Katikati ya Kampala viwanja vingi ni vya kukodi, kwa hiyo mwenye jengo anaishi na saa inayohesabu: miaka 49, miaka 99, na masharti ya kuendeleza kiwanja ndani ya muda fulani. Mjenzi wa Kampala anahitaji kujua tarehe za hati kama daktari anavyojua dozi. Mnaposema "alikuwa na fedha" au "alikuwa na moyo", mimi naona mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa na mawakili wazuri wanaokagua rejista kabla hajaweka sahihi. Hilo halina hadithi tamu, lakini nimeona matajiri wakipoteza ghorofa nzima kwa kukosa utafutaji wa siku moja ofisi ya ardhi.

#23 Mtoto_wa_Kasese
Kila mtu anaona taaluma yake ndani ya utajiri wa mwingine. Mhasibu anaona fedha, Wakili anaona hati, Fundi anaona zege. Mimi bado niko Kabatoro. Duka lilikuja kabla ya fedha, hati na zege, na hakuna aliyejibu hoja yangu.

#24 Hajji_wa_Bombo
Mwanangu, nakujibu. Maduka kama hilo yalikuwa mamia katika Uganda ya mwaka 1960, kutoka Arua hadi Kabale. Watoto wake walienda Uingereza kwa ndege zile zile. Waliorudi mwaka 1985 walihesabika. Duka linaeleza ustadi wake, lakini halielezi tiketi ya kurudi.

#25 Mkazi_wa_Ntinda
Asanteni wote. Ninabaki na dai langu kwa miaka ya 1989 hadi 1995, na ninamwachia Fundi Munyonyo, kwa sababu sijapata jibu la kwa nini mchuuzi wa fedha ajenge ufukweni badala ya kununua nyumba nyingine ya zamani Kololo. Hajji, je, kabla ya 2007 Munyonyo ilikuwa na nini? Na Wakili, mikataba ya kukodi viwanja vya katikati ya mji ikikaribia kuisha, ni nani mwenye haki ya kwanza ya kuihuisha: aliyejenga au aliyekodisha?

#26 Wakili_Kijana
Aliyejenga huomba kwanza, na akiwa ametimiza masharti kwa kawaida huongezewa muda, lakini mwenye ardhi ndiye mwenye kauli, na bei ya kuhuisha hufuata thamani ya sasa. Kwa viwanja vilivyo chini ya bodi ya ardhi ya Kampala, ombi hupelekwa muda wa kukodi ukiwa bado haujaisha. Nitafungua uzi wa peke yake juu ya hilo, kwa kuwa kuna hukumu kadhaa za kupitia.

#27 Hajji_wa_Bombo
Munyonyo ilikuwa na bandari ya Kabaka tangu enzi za Mwanga, na wavuvi. Barabara ilikuwa ya vumbi, na samaki alikuwa bei rahisi kuliko nyama.

#28 Fundi_wa_Mbarara
Mnaona sasa. Wavuvi na vumbi. Aliyejenga pale aliona kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari la mtu yeyote wa fedha.

#29 Mhasibu_wa_Nakawa
Aliona ekari nyingi kwa bei ya samaki, Fundi. Hilo pia ni hesabu.